Mashine ya presha inakata kata, mpira mpya unavuja, fundi anasema pampu imekufa (Tanga) naombeni ushauri

BiSahare
Habarini za humu wapendwa. Naombeni mnisaidie kabla sijatoa hela. Nina mashine ya presha ya umeme, hizi ndogo za nyumbani, imeandikwa bar 120 na lita 7 kwa dakika. Naoshea kirikuu chetu cha kubebea samaki kutoka mwalo wa Deep Sea, na uani na baraza mana tumeweka pevingi zinashika ukungu vibaya sana masika.

Sasa imeanza vituko. Ukibonyeza bunduki maji yanatoka kwa nguvu muda kidogo, yanalegea, yanarudi, yanalegea tena, na mlio wa mota nao unapanda na kushuka hivyohivyo. Hilo moja. La pili pale mpira unapoingia kwenye bunduki panavuja kweli kweli, mpaka mkono wote unalowa, na mpira wenyewe ni mpya, ule wa zamani ulipasuka nikanunua mwingine, oringi (kile kiduara cha mpira cha kuzuia kuvuja) nimebadilisha bado unavuja. La tatu ile chupa ya povu haitoi povu, inatoa maji meupe tu yanachuruzika.

Maji natumia ya kisima cha hapa nyumbani yanapandishwa kwenye simtanki, yana chumvi kwa mbali na birika likikaa linafanya magamba meupe chini. Fundi amekuja akaisikiliza tu akasema pampu imekufa, inabidi ifunguliwe ibadilishwe sili zote, na bei aliyonitajia ni karibu nusu ya mashine mpya. Kabla sijampa jibu nauliza, kuna chochote naweza kufanya mwenyewe? Na hivi vifaa vyake vya mbele vinatunzwaje mana kijitabu kilichokuja nayo ni Kichina kitupu.

Fundi_Makorora
Dada pole, usitoe hela kwanza. Mie hizi mashine ndo kazi yangu na nakwambia kwa dhati, zinazoletwa kwangu kwa jina la pampu mbovu nyingi mno pampu ni nzima, shida iko kwenye vifaa vya mbele au maji yanayoingia. Pampu inafunguliwa mwisho, baada ya kumaliza vyote vya nje ambavyo havigharimu kitu.

Elewa kwanza kwanini inakata kata. Pampu yako inasukuma maji kiasi kilekile kila dakika, haijui mbele kuna nini. Presha inatengenezwa na kile kitundu kidogo cha nozeli, yaani kile kichwa cha mbele kabisa maji yanapotokea. Kitundu kikiziba nusu, presha inapanda kupita kiwango, kuna valvu ndani inafunguka kurudisha maji nyuma, presha inashuka, valvu inafunga, inapanda tena, ndo huo mlio wa kupanda na kushuka unaosikia. Lakini ujue pia maji yakiwa machache upande wa kuingia pampu inavuta hewa, na yenyewe inaleta vituko hivyohivyo. Kwahiyo kagua pande mbili, yanapoingia na yanapotokea.

Anza na yanapoingia. Chomoa mpira wa maji kwenye mashine uuelekeze kwenye ndoo ya lita 20. Mashine yako inataka lita 7 kwa dakika, kwahiyo ndoo ijae ndani ya dakika mbili na nusu au chini ya hapo. Ikichukua dakika nne basi hapo pana ugonjwa, wala usiende mbali. Simtanki ikiwa chini presha yake ni ndogo sana, maji yakiwa juu mita 10 ndo unapata bar 1, sasa tanki la kwenye kibanda cha mita mbili piga hesabu mwenyewe. Sio kwamba haifai, ila bomba liwe pana, toa la nusu inchi weka robo tatu, na mpira uwe mfupi usiwe umejikunja kunja.

Halafu pale mpira unapofungwa kwenye mashine chungulia ndani utaona kichujio kidogo cha wavu. Watu wengi wanakaa na mashine mpaka inakufa hawajui kama kipo. Kivute taratibu na plaizi, kioshe kwa mswaki wa zamani, kikitoboka nunua kingine, usifunge mashine bila hicho mana mchanga wa kisima ukiingia kwenye pampu hapo ndo utamtafuta huyo fundi kweli.

Ukimaliza njoo mbele. Zima mashine, chomoa umeme, funga maji, kisha bonyeza bunduki mpaka isitoe hata tone. Hii usiiruke hata siku moja, presha inabaki kwenye mpira hata mashine ikiwa imezimwa. Toa nozeli, fungulia maji, washa tena bila nozeli, bonyeza. Maji yakitoka mengi na mlio umetulia, basi mgonjwa ni nozeli na sio pampu. Fanya hivyo uje utuambie.

Dogo_Chumbageni
Kwenye nozeli mie natumia pini tu ya kawaida natoboa inazibuka, kazi imeisha, sijawahi kuona shida. Na oringi napaka mafuta ya nazi, nyumbani yapo tele.

Fundi_Makorora
Dogo hapo kwenye pini twende polepole. Nozeli nyingi za bei rahisi ni shaba nyeupe au ya njano, pini ni chuma kigumu, ukichokonoa kwa nguvu unapanua kitundu. Unaona kitundu ni kidogo hata kikipanuka si kitu, sivyo. Eneo la kitundu likiongezeka asilimia 10 tu presha inashuka karibu asilimia 17, mana pampu inasukuma maji yaleyale kupitia mlango mpana zaidi. Na hakiwi duara tena, maji yanatoka yamepinda upande. Ukiona nozeli safi kabisa, haijaziba, ila maji yanapiga dhaifu na yamepinda, hiyo imekwisha, nunua mpya, haisafishiki.

Cha kufanya chukua waya wa umeme ule wa nyuzi nyingi, menya, toa uzi mmoja wa kopa. Ni laini kuliko nozeli, unapita unasukuma mchanga bila kukwangua. Ingiza kutokea mbele kurudi nyuma, mana uchafu umekuja kutoka nyuma ukakwama, ukiusukuma kwenda mbele unaukaza zaidi. Kisha geuza nozeli uipige maji ya bomba kutokea mbele uchafu utoke.

Na kwa maji ya Bi Sahare mchanga peke yake sio shida, kuna magamba ya chokaa. Huku kwetu chini ni mawe ya chokaa, mapango ya Amboni yenyewe ndo hayo, maji ya visima yanakuja nayo. Weka nozeli kwenye kikombe na siki nyeupe ya dukani, nusu saa mpaka saa moja, utaona vipovu vidogo vidogo vinapanda, ndo chokaa inaliwa. Piga mswaki, suuza kwa maji mengi. Usilaze usiku kucha mana siki inaanza kula na shaba yenyewe. Oringi itoe kwanza kabla ya kuloweka. Na asije mtu akakwambia maji ya betri, yanasafisha haraka ndio, yanamaliza na nozeli, na wewe macho.

Mafuta ya nazi hapana. Yanaganda, yanashika mchanga, oringi inasagika. Tafuta grisi ya silikoni, ulizia maduka ya spea, kitubu kidogo unakaa nacho muda mrefu sana, unapaka kiasi cha kung'aa tu. Grisi ya gari nayo niizungumzie mana wengi wanaipaka. Kuna oringi zinazostahimili na kuna zinazovimba zikikutana na mafuta ya petroli, na zote ni nyeusi, kwa macho hutazijua. Silikoni haina ugomvi na yoyote kati ya hizo za kwenye mashine, ndo mana nasema tumia hiyo basi.

Kange_Kawoshi
Bi Sahare swali moja, kwenye hiyo chupa ya povu unatia sabuni gani? Ya unga?

BiSahare
Ndio kaka, ya unga ileile ya kufulia, nakoroga kwenye maji namimina.

Kange_Kawoshi
Basi nshapata. Sabuni ya unga haiyeyuki yote, hasa kwenye maji magumu kama yenu, chembe zinabaki. Na ndani ya kile kichwa cha chupa ya povu kuna kipande cha wavu wa chuma kimesokotwa, kiduara kama kidonge hivi, kazi yake ni kuvunja maji na hewa iwe povu. Chembe za sabuni zinaingia humo zinakauka, mwisho wavu unakuwa jiwe. Hapo maji yanatafuta pa kupita yanatoka meupe yanachuruzika, ndo unachokiona.

Fungua kile kichwa, kuna ambazo zina pini ndogo pembeni unaigonga inatoka, nyingine ni skrubu. Toa ule wavu uloweke kwenye maji ya moto, sio ya kuchemka, maji ambayo mkono unavumilia, na siki kidogo, uache ulainike halafu ubonyeze bonyeze. Ukiwa umeoza kutu nunua mwingine, wavu peke yake unauzwa. Na ule mrija wa kunyonyea unaoingia kwenye chupa uangalie haujapasuka juu unapochomekwa, ukipasuka unavuta hewa badala ya sabuni.

Kuanzia hapo tumia sabuni ya maji tu, shampoo ya gari kama unaipata au hata ya maji ya kuoshea vyombo kwa pevingi, na kwenye chupa weka maji ya bomba la idara kama yanatoka kwenu, ya kisima yanaua povu. Sisi kila tukimaliza gari la mwisho tunamwaga sabuni, tunajaza maji matupu kwenye chupa, tunapiga mpaka yanatoka masafi kabisa bila utelezi. Hilo ndo linalofanya chupa zetu zidumu na zinafanya kazi kutwa. Ukiacha sabuni ilale humo umeshajitakia kazi.

Jiki usitie humo. Najua watu wanapiga jiki kwenye ukungu wa pevingi, kama unataka imwage kwa kopo na brashi, iache ikae, kisha suuza na mashine. Ikipita ndani inakula sili na shaba.

Nahodha_Mwambani
Niongeze kidogo kwa sie wa pwani. Mie naoshea boti ya faiba, na kitu kinachomaliza vifaa vyangu sio kazi, ni chumvi. Hewa ya hapa peke yake inatosha. Vile vya chuma kilichopakwa rangi ya kung'aa vinaanza vidoa vyekundu kwenye nyuzi za kufungia, halafu siku moja unataka kufungua hakifunguki, ukilazimisha kinakatika. Ukinunua chagua shaba ya njano au stenlesi, bei iko juu ila unanunua mara moja.

Nikitoka kazini nasuuza bunduki na fimbo (lile bomba refu la mbele ya bunduki) kwa nje kwa maji matamu, nafuta na kitambaa, zile nyuzi nazipaka grisi kidogo, na vile vichwa vya nozeli vya rangi navitia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, ndani ya nyumba. Kuacha kwenye banda la wazi upande wa bahari ni kuvipa kutu. Na maji yasibaki ndani, nyanyua mpira mwanzo mpaka mwisho yateremke yote, kisha kunja kwa duara kubwa utundike. Usiuanike juani mpira unachanika ngozi.

Jamani na mpira ukivimba sehemu au ukiona nyuzi zimetokeza, tupa. Nimeona watu wanafunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli wanaendelea kuosha. Bomba la nyumbani ni bar mbili tatu, huu ni bar 100 na ushee, tyubu haishiki hapo.

MamaPongwe
Hapo kwenye kuvuja naomba niseme kitu mana Bi Sahare kasema mkono wote unalowa. Dada usiwe unashika pale panapovuja kutafuta tundu kwa kidole. Maji ya presha hiyo yanatoboa ngozi. Mie ni muuguzi, jeraha lake kwa nje linaonekana dogo tu, tundu la sindano, hata haliumi sana mwanzoni, mtu anafunga kitambaa anaendelea na kazi, kumbe ndani maji na uchafu vimeshasambaa kwenye nyama na mishipa ya mkono. Hiyo unakwenda hospitali saa hiyohiyo na unawaambia wazi kwamba ni mashine ya presha, wasije wakadhani ni mkwaruzo. Ukitaka kujua panapovuja pitisha kipande cha boksi.

Na kile kichwa chekundu, cha digrii 0, mie ningesema watu wa nyumbani wakifungie. Kwa gari ni cheupe, digrii 40, pevingi kijani digrii 25 inatosha, njano ya 15 kwa uchafu sugu, cheusi ni cha sabuni. Chekundu kinachimba pevingi yenyewe, na watoto wakiikuta bunduki wanaona ni mchezo. Na hiyo ya umeme waya wa ekstenshen usilale kwenye maji jamani, soketi iwe na ethi ya kweli.

BiSahare
Mungu awabariki, sijui niseme nini. Nimefanya kama mlivyonielekeza leo mchana, mdogo wangu akiwa karibu na swichi.

Ndoo ilijaa vizuri, maji yapo. Kichujio cha kuingilia kilikuwa na tope la kijani na vijiwe, nimekiosha. Nikatoa nozeli nikawasha, mlio ukatulia kabisa fundi, hata mdogo wangu akasema hii sasa inaunguruma sawa. Nikailoweka nozeli kwenye siki, vipovu vikaja kama ulivyosema, nikapitisha uzi wa kopa likatoka gamba jeupe dogo, nyembamba, ukilibana kwa kucha linasagika unga. Nimeirudisha, maji yanatoka mfululizo hayakati tena, pampu iliyokufa ndo hii!! Yule fundi nimempigia nimemwambia asante sihitaji.

Wavu wa chupa ya povu ulikuwa umekauka kigumu, umelowa sasaivi. Ila mpira bado unavuja palepale. Oringi mpya, grisi ya silikoni nimepaka, nimezungusha na tepu nyeupe ya bomba, bado.

Fundi_Makorora
Alhamdulillah, nimefurahi sana dada. Tepu ya bomba toa, pale haifanyi kitu, panaposhika maji ni kwenye oringi na sio kwenye nyuzi, na vipande vya tepu vikikatika vinaenda kuziba nozeli uliyoisafisha sasaivi.

Umesema mpira ni mpya, wa zamani ulikuwa hauvuji hapo kabla haujapasuka, si ndio? Basi nadhani najua. Maungio haya nyuzi zake zinaitwa M22, zote zinafungana vizuri kwa mkono hutajua kitu. Ila ile pini ya katikati inayobeba oringi ziko za aina mbili, ya milimita 14 na ya milimita 15. Ukitia pini ya 14 kwenye tundu la 15 nyuzi zinakaza vizuri kabisa lakini oringi inaelea haigusi ukuta, maji yanapita pembeni. Hata ubadilishe oringi kila siku itavuja. Wauzaji wengi hawaliangalii hili, ukisema M22 anakupa M22.

Pima. Fundi chuma yeyote ana venia, kile kipimo cha milimita, pima pini ya mpira na tundu la kwenye bunduki. Huna venia, azima biti ya drili ambayo upande wake wa nyuma, ule laini, nao ni milimita 14 kamili, uingize upande huo kwenye tundu la bunduki. Ikiingia na kukaa bila kucheza tundu ni la 14. Ikiyumba yumba ni la 15.

BiSahare
Jirani ana drili. Inayumba fundi. Inayumba kabisa.

Fundi_Makorora
Basi mpira wako una pini ya 14 na bunduki ni ya 15. Kama risiti ipo na duka ni hapahapa rudisha, waambie unataka M22 ya pini 15, nenda na bunduki mkononi ufungie palepale dukani. Wakigoma kuna adapta ndogo ya shaba, upande mmoja 14 mwingine 15, ukiikosa hapa mjini agiza Kariakoo waipakie basi, ila mwambie kwanza akupigie picha ikiwa imewekewa venia, usikubali "ni hiyohiyo". Asije mtu akakushauri kuweka oringi mbili au nene zaidi, itashika siku ya kwanza halafu itatoka vipande.

Ikifika paka silikoni kwenye oringi, funga kwa mkono tu mpaka ikae, plaizi usiiguse, na ukiwasha mara ya kwanza pitisha boksi kama alivyosema Mama Pongwe.